Siku Kumi Chini ya Maji

Boti ya Kwemhosi niliizamisha mimi. Niliizamisha mchana wa Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, kwa mawe niliyoyabeba kifuani moja baada ya jingine mpaka gauni langu la kazi likachanika ubavuni. Naanza na hilo kwa sababu taarifa ya mwisho iliyohifadhiwa wilayani inasema boti "ilizama". Haikuzama. Ilizamishwa, na aliyeizamisha alikuwa na akili zake timamu.

Mimi ni Agripina, binti wa marehemu Eliasi, fundi seremala wa Kerenge. Mwaka huo wa 1975 nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya ualimu wa kazi za mikono, nikapangiwa shule ya Kwemhosi, kijiji cha ujamaa upande wa Handeni, ukingoni mwa Mto Pangani. Kijiji chenyewe kilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Watu walitolewa kwenye mashamba yao ya zamani wakapangwa kwa mistari karibu na ghala na nyumba ya pampu, vitu ambavyo Mgiriki wa mkonge aliviacha mashamba yalipotaifishwa. Hospitali, stesheni na duka lenye sabuni vyote vilikuwa Korogwe, ng'ambo. Kulifikia daraja ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu, kwa hiyo watu walivuka kwa mtumbwi wa Mdoe.

Mdoe alikuwa Mzigua wa makamo, mfupi, mpole wa sauti, na hakuna aliyechonga mtumbwi kama yeye upande wetu wote wa mto. Lakini masika ya mwaka huo mto ulijaa, watu wakamuuliza kama unavukika, akasema unavukika, na mtumbwi ukapinduka na watu wanne. Watatu walishika matete. Wa nne, Fatu, alipatikana siku ya tatu.

Fatu alikuwa mdogo wake Sadala, mwenyekiti wetu wa kijiji. Tangu mazishi yale Sadala hakuwa na neno jingine kinywani ila boti. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa shamba la mkonge, akakaa kwenye benchi lao siku mbili, akarudi na karatasi yenye mhuri: boti ya Mgiriki sasa ni mali ya kijiji. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani niligombana na mjinga au mwizi. Sadala alitaka kile kile nilichotaka mimi, mtu mwingine asife mtoni. Tuligombana hivyo hivyo.

Boti ile aliiunda baba yangu, akiwa fundi wa Mgiriki, mwaka 1957, kwa mbao za msaji, mti ambao wengi wanauita mtiki. Nilipoiona tena ilikuwa imelala ubavu nyuma ya ghala, na ilikuwa imelala hivyo miaka minane, juani na mvuani. Viti vyake vitatu, kingo zake pana za kushikia, vibao vya sakafu, vyote vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu, vina mipasuko midogo kama magaga ya kisigino. Mdoe aliipiga teke mbele ya kijiji kizima.

"Kuni," alisema. "Mmeletewa kuni zenye mhuri."

Watu walicheka, hata Sadala alikaribia kucheka. Niliokota kipande cha chupa, nikapiga magoti, nikakwangua urefu wa kiganja kwenye kiti cha katikati. Yale majivu yakatoka kama unga, na chini yake ikatokea mbao ya rangi ya asali, na harufu yake ikapanda, harufu ya kiatu kipya cha ngozi. Nilimwambia Sadala anuse. Aliinama akanusa, akabaki ameinama kwa muda. Nikamwambia Mdoe naye anuse. Akasema yeye si mbwa.

Ndivyo nilivyopewa kazi, na ndivyo Mdoe alivyoacha kuniitikia salamu.

Kati yake na mimi kulikuwa na jambo la zamani. Wazigua na sisi Washambaa ni watani. Mtani akija msibani anaruhusiwa karibu kila kitu. Atalala kaburini agome kutoka mpaka apewe chochote, atamsema marehemu maovu, atashika mali ya nyumba na kudai ikombolewe, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Baba alipofariki mwaka 1969, Mdoe, aliyefanya kazi naye kwa Mgiriki, alivuka mto akaja kwetu Kerenge. Aliingia stoo akatoka na randa ya baba na patasi yake ya kalafati, ile butu na pana ya kushindilia nyuzi kwenye viungo vya mbao za boti. Mama alimpa jogoo. Akarudisha randa. Patasi akaondoka nayo huku akicheka, akisema jogoo mwenyewe ana kideri. Mama naye akacheka, maana ndivyo inavyotakiwa. Mimi sikucheka. Miaka sita baadaye niliiona ile patasi mkononi mwake Kwemhosi, imetiwa mpini mpya, herufi E ya baba ingali imepigwa kwenye chuma.

Aliyejitolea kunisaidia kwenye boti alikuwa mmoja tu, Tatu, mwanamke wa Kizigua aliyeachika mara mbili kwa sababu ya ulimi wake. Alisema amechoka kupalilia shamba la kijiji, na zaidi ya hapo anataka kuona kwa macho yake kama Mshambaa anaweza kukaa karibu na maji bila kuugua. Nilimwambia Mzigua asiyejua kuogelea asinichekeshe. Tukaelewana.

Tulianza na magadi kwenye maji ya moto na brashi ya makumbi ya nazi. Tulisugua taratibu, kufuata mishipa ya mbao, kamwe si kuikata, kwa sababu msaji uliochakaa juu ni laini kama sabuni iliyolowa. Ukiukatisha unachimba mifereji. Siku moja nilikuwa darasani, akina mama waliokuja kwenye kazi ya kijiji wakaamua kunipunguzia mzigo. Walichukua mchanga wa mtoni wakasugua kiti cha mbele kama wanavyosugua sufuria, huku na huku, kwa nguvu na kwa nyimbo. Nilipofika kiti kilikuwa cheupe na kimechanjwa kote. Niliwaambia kwamba mikono yao wairudishe jikoni. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa akina mama waliokuwa na umri wa mama yangu. Kuanzia hapo kisimani walikuwa wakininyamazia mpaka nichote niondoke.

Baada ya magadi tulikwangua kwa chupa wiki mbili. Baada ya chupa tulilainisha kwa majani makavu ya msasa, ule mti unaojiotea ukingoni, maana karatasi ya msasa ya dukani haikupatikana wakati ule hata Korogwe. Kila skrubu ya shaba ilikuwa imefunikwa na kizibo kidogo cha mbao, na baba alikuwa amevigeuza vizibo vyote ili mishipa yake ilingane na mishipa ya ubao. Vilivyopotea nilivichonga upya kimoja kimoja. Mwisho wa Juni boti ilikuwa inang'aa bila tone la rangi. Sadala alikuja na makopo mawili ya rangi ya kijani. Nilimweleza kwamba msaji una mafuta yake mwenyewe, rangi haiushiki, itabanduka kabla ya vuli. Akajibu kwamba boti ya kijiji haiwezi kupokea mgeni wa mkoa ikiwa uchi. Niliyakalia makopo yake. Sisemi kwa mfano, niliyakalia, nikaendelea kulainisha kingo, mpaka akaondoka.

Mgeni huyo wa mkoa alikuwa aje Saba Saba, Jumatatu, kuizindua.

Kilichobaki kilikuwa kuinywesha. Mbao zilizokauka miaka minane zinanywea, na kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi ya kupitisha ncha ya kisu. Nilipokuwa mtoto, kila mwaka kabla ya masika, baba aliijaza boti mawe akaizamisha kwenye kina kifupi, pale mto unapokata kona. Mara ya kwanza nililia, nikidhani amemkasirikia bwana wake. Akaniambia inakunywa. Ikishiba, mbao zinavimba na kubanana zenyewe. Siku kumi, kwa sababu msaji hunywa polepole. Akishaiibua ndipo alipotia kalafati, kidogo, kwa mkono mwepesi, pale tu palipobaki wazi.

Mtumbwi hauna habari hiyo. Mtumbwi ni gogo moja. Ukipasuka unaushindilia nyuzi za katani na lami kwa nguvu zako zote, kazi imekwisha, na ndivyo Mdoe alivyofanya maisha yake yote, na alifanya vizuri. Alhamisi kabla ya Saba Saba nilitoka shule nikamkuta chini ya boti, imeinuliwa juu ya magogo tayari kuteremshwa, anaishindilia ikiwa kavu. Mistari minne ya chini ya viungo vya mbao ilikuwa imejaa nyuzi hadi zinatokeza kama ndevu. Alikuwa akigonga kwa patasi ya baba.

"Toa hizo nyuzi," nilimwambia.

Hakuacha kugonga. "Shikamoo siku hizi hakuna, mwalimu?"

"Shikamoo. Toa hizo nyuzi."

"Marahaba, mwanangu. Sitoi."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani, kwamba mbao zikivimba hazitakuwa na pa kwenda, zitasukumana, skrubu zitang'oka kwenye mbavu za boti, na hilo halitatokea ukingoni, litatokea wiki ya pili, katikati ya mto, boti ikiwa na watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza nimevuka mto huu mara ngapi, akarudi chini ya boti.

Jioni ile ile kamati ya kijiji iliitwa. Nilisimama nikasema boti lazima izamishwe siku kumi. Mmoja akauliza kama itahitaji na chai. Mwingine akasema Mshambaa akiona maji mengi anachanganyikiwa, asamehewe. Sadala hakucheka. Alisema siku kumi hana, mgeni anakuja Jumatatu, na boti itakunywa huku inafanya kazi.

"Huku inafanya kazi itakuwa inafumuka," nilisema, "na ndani mna watu."

"Na leo watu wanavukia nini? Kesho watavukia nini?" Sauti yake ilikuwa chini. "Kila siku unayonichelewesha, mwalimu, inaweza kuwa siku ya Fatu mwingine."

"Fatu hakufa kwa kukosa boti, Mwenyekiti. Alikufa kwa sababu fundi aliulizwa swali akajibu haraka."

Mdoe aliinuka akatoka nje. Sadala akafunga kikao, na amri yake ikawa kwamba mkono wangu usiiguse tena boti ile.

Kesho yake asubuhi wanaume walikwenda shamba la kijiji na kutoka huko wakapitiliza msikitini. Shule ilifungwa kwa maandalizi ya sherehe. Tatu alinikuta chini ya boti, nimenyoosha waya wa tairi la baiskeli na kuupinda ndoano, nachokoa nyuzi za Mdoe. Sikumwomba msaada. Alitazama kidogo, akajifunga khanga kiunoni, akasema kama ni kupigwa basi tupigwe wawili. Tulichokoa tangu saa tatu. Nyuzi zilitoka zimeshikana kama mkia wa ng'ombe. Adhana ilipopigwa mistari yote minne ilikuwa mitupu. Tukaanza kubeba mawe yaliyoanguka kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, tukayapanga sakafuni, juu ya vile vibao nilivyovilainisha kwa wiki sita, na kila jiwe nililiweka kama ninavyoweka yai. Tukaondoa vigingi. Boti iliteleza juu ya magogo, ikaingia mtoni, na maji yakaanza kupanda kupitia viungo vyake, mistari mizuri iliyonyooka, kama mtu anayeichora kwa rula. Ilishuka bila kuyumba. Kilichobaki juu kilikuwa kamba tuliyoifunga kwenye mti.

Wanaume walipotoka msikitini mimi nilikuwa nimekaa ukingoni nakamua gauni.

Sitaandika yote niliyoitwa. Mdoe aliingia mtoni hadi kiunoni akasimama pale, akatazama chini, kisha akatoka akaenda zake. Wengine walitaka niiibue mwenyewe. Kuibua kulitaka mtu azame kutoa mawe, na mwezi ule ule mamba alikuwa amemchukua mbuzi pale pale kwenye kona. Bunduki pekee ya kijiji ilikuwa na mgambo aliyekwenda Handeni kwa gwaride la Saba Saba. Hakuna mwanaume aliyekuwa tayari kuzama bila bunduki juu yake. Nilijua hilo kabla ya kubeba jiwe la kwanza. Sadala alifika mwisho. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Wakati tunaswali?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Wakati mnaswali."

Jumatatu mgeni alikuja na Landrover, ngoma ikapigwa, watoto wangu wa darasa la tano wakaimba wimbo wa boti niliowatungia mimi mwenyewe mwezi wa tano. Mgeni akauliza boti iko wapi. Sadala angeweza kusema uongo. Angesema imechelewa kutoka kwa mafundi, mgeni angekula pilau yake akaondoka. Alisema, "Ipo chini." Mgeni akauliza chini ya nini. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Nilimwona Sadala akinyoosha mkono kuelekea kwenye kamba. Mgeni hakula. Pilau ile iliwafaa watoto.

Jumatano mgambo alikuwa amerudi na bunduki yake, na mpango ulikuwa kwamba kesho boti iibuliwe, Mdoe aishindilie upya, na mgeni aombwe kurudi Jumamosi. Lakini kwanza kulikuwa na mimi. Kijiji kizima kilikaa mbele ya ghala. Aliyeongea kwa niaba ya wazee alikuwa Mzee Mhina, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale na ambaye hata Sadala alimwamkia kwa kuinama. Alinionyesha njia ya kutokea, na nakiri ilikuwa njia ya heshima. Alikumbusha watu kwamba mimi ni mtani. Mtani anaficha viatu vya bwana harusi, mtani anaiba mwiko chunguni, mtani anaweza hata kuzamisha boti. Nilete kuku mmoja, niseme niliwatania, watu wacheke, tule bada, ule ugali wa muhogo, yaishe.

Tatu alikuwa ameshapita njia hiyo asubuhi. Kwa kuwa yeye ni Mzigua mwenzao walimwambia aseme alidanganywa na utani wa Mshambaa, na alisema. Alikuwa ameketi na akina mama, kuku wake amekwisha kunyonyolewa. Nilipomtazama alinong'ona, lakini nilimsikia: "Wewe una Kerenge ya kurudi. Mimi nirudi wapi?"

Nilifikiri juu ya kuku. Nilifikiri juu ya jogoo wa mama na patasi iliyoondoka kwa kicheko. Yakishaitwa utani, hakuna anayeuliza tena kwa nini yalifanyika. Kesho wangeiibua boti ikiwa imekunywa siku sita tu, wangezishindilia mbao zilizovimba nusu, na mwaka kesho wangeishindilia kavu, na yeyote atakayewaambia izamisheni kwanza wangemjibu kwamba lile lilikuwa vichekesho vya yule mwalimu.

"Haikuwa utani, mzee," nilisema.

Mzee Mhina alipumua. Hakuwa na haraka. "Fikiri, mwanangu. Kama si utani ni hujuma. Na hujuma haiishii hapa kwetu. Inakwenda wilayani, na mpaka watu wa wilaya waje waione kwa macho yao, hakuna atakayeigusa ile boti. Itakuwa ushahidi."

Nadhani alitaka kunitisha. Nilihesabu. Habari za kwenda Handeni zilipelekwa na lori la Alhamisi, tuliloliita Tarumbeta kwa honi yake. Ijumaa mtu wa wilaya ana kazi zake. Wikiendi hatoki mtu. Wasingefika kabla ya Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya kumi.

"Basi andikeni hujuma," nilisema.

Watu walipiga kelele. Mdoe alisema kwa ile sauti yake ya upole kwamba mtoto wa Eliasi ana kiburi kuliko Eliasi. Nikamwambia Eliasi alikuwa na kiburi cha kutosha, ndiyo maana boti yake ingalipo na mtumbwi wake yeye Mdoe ulipinduliwa na mto. Sadala akaniamuru nikae. Karani hakuwa na kalamu. Nilimpa yangu.

Ofisa wa wilaya alifika Jumatatu saa nne, na kijana wa polisi nyuma yake. Mgambo alisimama juu ya jabali na bunduki. Wanaume sita walizama kwa zamu wakatoa mawe, wengine ishirini wakavuta kamba, na boti ikapanda juu ikimwaga matope. Ilikuwa nyeusi kwa kulowa. Waliikomba maji kwa makopo, yale yale ya rangi ya kijani, kwa kuwa rangi ilikuwa imeshapakwa kwenye mlango wa ofisi. Halafu ofisa akataka irudishwe mtoni aone inavyovuja, aiandike.

Sadala aliingia wa kwanza. Hakumwambia mtu. Aliketi kwenye kiti cha katikati, pale nilipokwangua kwa chupa siku ile ya kwanza, akaweka viganja vyake juu ya ubao, akatazama kati ya miguu yake. Sote tuliitazama sakafu. Robo saa ikapita. Nusu saa. Maji yaliyokuwemo yalikuwa ya nyayo zake tu, na hata hayo yalianza kukauka.

Mdoe aliiendea ikiwa bado majini, akapitisha kidole gumba kwenye viungo vya nje, kimoja kimoja, kutoka mbele hadi nyuma. Alitoa wembe mfukoni akajaribu kuupenyeza. Haukuingia.

"Babako angeniambia," alisema, bila kunitazama.

"Alikuambia, kila alipoizamisha. Ulikuwa unacheka."

Alifunga wembe kwenye karatasi yake akaurudisha mfukoni. Patasi hakunirudishia, na mimi sikuiomba.

Ofisa alikaa ofisini kwa Sadala akaandika kwa muda. Kisha akaniita. Alisema hujuma haioni, kwa hiyo neno hilo amelifuta, akaandika tu kwamba boti ilizama. Lakini nimezamisha mali ya umma bila idhini, nimevunja amri ya mwenyekiti, nimefanya hivyo saa ya ibada, na nimekiaibisha kijiji mbele ya mgeni wa mkoa. Aliniwekea karatasi tupu mezani. Mistari miwili ya kuomba radhi, ya kusomwa mbele ya watu, na nitabaki Kwemhosi. Bila hiyo mistari, barua ya uhamisho ilikuwa tayari mkobani mwake: Kang'ata, bara kabisa, mahali ambapo boti wanaiona kwenye picha za vitabu.

Alitoka nje avute sigara. Tukabaki mimi na Sadala, na ile harufu ya rangi mbichi mlangoni.

"Andika, mwalimu," Sadala alisema. "Nataka ubaki. Kila mwaka itataka mtu wa kuitazama, na wewe ndiye unayeijua."

"Tatu anajua. Mdoe sasa anajua."

"Nataka ubaki," alirudia. "Lakini siwezi kuishi kijiji kimoja na mtu aliyenizamisha mimi mbele ya watu, akaona ni sawa. Sema tu kwamba hukuona ni sawa."

Alikuwa na macho mekundu. Kwa mara ya kwanza nilimwona alivyofanana na Fatu, ambaye niliwahi kumwona mara mbili tu, akiuza maandazi mlangoni mwa shule. Nilichukua kalamu. Niliandika jina langu juu ya karatasi, na tarehe, na jina la kijiji, kwa mwandiko mzuri. Halafu nikaandika: *Kila mwaka kabla ya masika, siku kumi chini ya maji. Kalafati baadaye, kwa mkono mwepesi. Isipakwe rangi.* Nikamsogezea.

Aliisoma yote. Aligeuza karatasi, kuona kama nyuma kuna kitu.

"Na radhi?"

"Ningeizamisha tena leo," nilimwambia, "na wewe ukiwa unaswali. Siombi radhi."